Betri ya vanadiamu kwa umeme wa jua: hesabu saa, lita na joto kabla ya kulipa

Kama unatafuta betri ya kuwasha taa, friji na televisheni katika nyumba ya familia, nunua lithiamu ya fosfeti, ile inayoandikwa LFP. Ya kilowati-saa 10 inafungwa ukutani, ina uzito wa kilo mia moja hivi, haina pampu wala bomba. Kiasi hichohicho cha umeme kwenye betri ya vanadiamu (aina ya metali) kinadai karibu lita 500 za maji yenye asidi, matangi mawili, pampu mbili na mtu wa kuvitazama. Kwa nyumba haina faida.

Vanadiamu huanza kulipa pale mzigo unapotaka umeme saa nane au kumi mfululizo, kila usiku, kwa miaka ishirini: chumba cha baridi cha samaki, kiwanda cha barafu, hospitali, kisiwa kisichofikiwa na gridi. Makala haya ni ya wenye mizigo ya namna hiyo.

Kwenye lithiamu, nishati inakaa ndani ya seli. Kwenye vanadiamu inakaa kwenye matangi, na seli ni mahali pa kupita tu. Tangi moja ni la upande chanya, jingine la upande hasi, na yote mawili yana vanadiamu iliyoyeyushwa katika asidi ya salfuriki. Hayo ndiyo maji ya betri hii, elektrolaiti. Pampu huyasukuma kupita kwenye staki, yaani seli nyingi zilizobanwa pamoja kama slesi za mkate. Kila seli ina kitambaa kinene cha nyuzi za kaboni pande mbili za utando mwembamba. Katika miaka ya 1970 NASA ilijaribu betri ya aina hii kwa chuma upande mmoja na kromiamu upande wa pili, na kila kilichopenya utando kilichafua upande wa mwenzake. Miaka ya 1980 Maria Skyllas-Kazacos na wenzake katika Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, wakaweka vanadiamu pande zote mbili. Ikipenya, inakutana na vanadiamu mwenzake. Ndiyo maana maji haya hayachakai: unaweza kubadilisha staki baada ya miaka mingi na kuendelea na maji yaleyale.

Yana rangi pia, na rangi inasema kitu. Betri iliyojaa ina njano upande chanya na zambarau upande hasi. Iliyoisha ina buluu upande chanya na kijani upande hasi. Chukua sampuli ya zambarau kwenye chupa ya kioo, iache wazi mezani, uitazame: inaanza kugeuka kijani kuanzia juu, pale inapokutana na hewa. Oksijeni inaila chaji mbele ya macho yako. Jambo hilohilo hutokea ndani ya tangi hasi lisilofunikwa vizuri, ndiyo maana tangi hilo hujazwa naitrojeni juu ya maji, kwa shinikizo dogo tu linalozidi la hewa. Mtungi wa naitrojeni ukiisha na asijue mtu, betri hupoteza uwezo polepole bila kengele yoyote kulia. Upande chanya usiuamini kwa macho betri inapokuwa katikati, kwa sababu buluu na njano zikichanganyika huwa nyeusi-nyeusi. Tumia seli ndogo ya kupimia isiyobeba mkondo: karibu volti 1.4 ni nusu, 1.33 ni kama asilimia 20, 1.47 ni kama asilimia 80.

Sasa hesabu. Chukua chumba cha baridi kinachotumia kilowati 10 kwa saa 10 za usiku: kilowati-saa 100. Maji yenye moli 1.6 za vanadiamu kwa lita, yaani gramu 80 hivi, ukiacha akiba juu na chini na ukitoa hasara, hutoa kama wati-saa 20 kwa lita ukijumlisha matangi yote mawili. Kwa hiyo ni lita 50 kwa kila kilowati-saa, jumla lita 5,000. Weka akiba kidogo: matangi mawili ya lita 3,000. Lita moja ya maji haya ina uzito wa kilo 1.35 hivi, kwa hiyo utakuwa na zaidi ya tani 8 kwenye sakafu, kabla hujahesabu staki. Sakafu imwagwe kwa hesabu hiyo.

Uzito huo ndio unaokataza tangi jeusi la maji la dukani. Limetengenezwa kwa maji ya kilo moja kwa lita; ukilijaza elektrolaiti litatuna tumboni, na ufa huanzia pale bomba linapoingia. Agiza tangi la polithini nene la kemikali, lililoandikiwa uzito wa angalau kilo 1.5 kwa lita.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye staki. Muuzaji atakwambia, na ni kweli, kwamba nishati na nguvu vinanunuliwa mbalimbali: matangi makubwa kwa saa nyingi, staki ndogo kwa mzigo mdogo. Mnunuzi anatazama mzigo wake wa kilowati 10, ananunua staki ya kilowati 10. Lakini betri hii lazima ijae mchana. Ukihesabu kila kitu, pampu na inveta zikiwemo, vanadiamu hurudisha kama asilimia 70 ya umeme ulioingia. Ili upate 100 usiku, uingize 143 mchana, na jua la maana kwa kuchaji ni saa tano hadi sita. Gawanya: ni kilowati 26. Staki ya 10 itakuacha na matangi yasiyojaa kila siku, na utawalaumu wasambazaji wa maji bure. Kwa jua, staki hupimwa kwa kuchaji.

Asilimia 70 hiyo pia inagharimu paneli. LFP hurudisha kama asilimia 88, ikitaka 114 kuingia. Tofauti ya kilowati-saa 29 kwa siku ni kama kilowati 7 za sola za ziada, paneli 13 za wati 550, pamoja na fremu na nyaya zake. Ziandike kwenye bajeti ya betri, ili bei zilinganishwe kwa haki.

Inveta nayo ina mtego. Staki ya seli 40 huitwa ya volti 48, lakini ikiisha hushuka karibu volti 40, na ikijaa hupanda hadi 64, volti 1.6 kwa seli. Inveta nyingi za 48 zimepangwa kwa LFP ya seli 16, inayocheza kati ya 44 na 58 hivi. Ukizifunga pamoja, inveta itakata betri ikiwa bado ina akiba na itagoma kuijaza mpaka mwisho. Soma kipimo cha volti za DC kwenye karatasi ya inveta kabla ya kulipa. Kwa kilowati 26 hutaki volti 48 hata kidogo, maana mkondo ungezidi ampea 500. Staki hufungwa mfululizo ili volti zipande na nyaya ziwe nyembamba.

Halafu joto, na hapa sisi wa pwani tuwe makini kuliko wote. Maji ya kawaida ya asidi ya salfuriki hupenda nyuzi joto 10 hadi 40 za Selsiasi. Yakizidi 40 yakiwa yamejaa chaji, vanadiamu ya upande chanya huanza kuganda kuwa mashapo, oksidi ya vanadiamu, nayo huingia kwenye kitambaa cha kaboni na kuziba. Dalili ya kwanza ni shinikizo la pampu chanya kupanda wakati mtiririko unashuka. Angalia saa inavyotokea: betri ya jua hujaa saa tisa alasiri, saa ileile ambayo chumba cha mabati kinafika nyuzi 45. Hatari mbili zinakutana kila siku ya kiangazi. Jenga kwa tofali, dari yenye nafasi ya hewa, kivuli upande wa magharibi, na udai kipoza joto kilichopimwa kwa hewa ya nyuzi 35, siyo 25 ya kwenye karatasi. Mdhibiti, yaani kompyuta inayoendesha betri, apangwe kupunguza kuchaji maji yakifika 38. Mashapo yakishaanza, acha kuchaji mara moja, toa chaji. Maji yaliyotolewa chaji hulivumilia joto hilo vizuri zaidi, na mashapo mapya huweza kuyeyuka tena. Ya wiki mbili ni kazi ya kufungua staki.

Maabara ya Taifa ya Pacific Northwest ya Marekani ilitengeneza maji yenye asidi mbili, ya salfuriki na ya hidrokloriki, yanayobeba vanadiamu moli 2.5 kwa lita na kuvumilia hadi nyuzi 50. Kwa Tanga au Mombasa yanavutia sana. Kasoro yake ni kwamba ukiyachaji kupita kiasi yanaweza kutoa gesi ya klorini, hivyo chumba kinahitaji hewa na kitambuzi.

Kila kinachogusa maji kiwe plastiki: PVC, polipropilini, polithini. Bomba la chuma, hata lile lisiloshika kutu, halina nafasi hapa. Chuma kikiyeyuka ndani kinachafua maji na kuongeza haidrojeni upande hasi. Pampu ziwe za sumaku, zisizo na ekseli inayopenya ukuta wa pampu. Gasketi ziwe Viton au EPDM, mipira inayovumilia asidi, kwa kuwa vanadiamu ya njano hula mpira wa kawaida. Pampu ikiwa ndogo mno, maji ndani ya seli huchoka kabla mengine hayajafika, hasa mwisho wa kuchaji. Volti inaruka, haidrojeni inatoka upande hasi na kaboni inalika upande chanya. Usiruhusu seli yoyote ipite volti 1.65.

Chini ya matangi jenga beseni la zege lililopakwa rangi ya kuzuia asidi, lenye kushika asilimia 110 ya tangi moja. Kwa lita 3,000 ni lita 3,300. Sakafu ya mita 4 kwa 4 yenye ukuta wa sentimita 30 inatosha hata ukitoa nafasi inayokaliwa na tangi la pili. Weka magunia ya magadi soda karibu, nusu kilo au zaidi kwa kila lita inayoweza kumwagika fundi akiwa kazini, na ujue kwamba yatatoa povu jingi. Hata baada ya asidi kufa, vanadiamu bado ni sumu: kila lita ina gramu 80 hivi. Izolewe, isiende mtaroni. Miwani, glavu ndefu na bomba la maji safi la kunawia viwe mlangoni. Betri hii haishiki moto kama lithiamu inavyoweza, lakini asidi ni asidi.

Baada ya miezi utaona tangi moja limepanda na jingine limeshuka. Ni maji na vanadiamu vinavyohama kupitia utando. Dawa yake ni kuchanganya, lakini toa chaji yote kwanza, kwa sababu ukichanganya yakiwa yamejaa nishati yote hugeuka joto ndani ya mabomba. Betri ikiisha, fungua valvu kati ya matangi, zungusha mpaka usawa na rangi zilingane, funga, chaji upya. Uwezo usiporudi, basi hewa au haidrojeni imeharibu uwiano wa kemikali, na hapo anaitwa fundi wa kupima na kurekebisha, mara nyingi kwa asidi ya oksaliki. Usijaribu mwenyewe kwa kukadiria.

Umeme ukikatika ghafla, pampu zikiwa zimelala, kilichopo ndani ya staki ni cha dakika chache. Weka betri ndogo ya kuwasha pampu na mdhibiti, au funga LFP ndogo sambamba ishike zile sekunde za mwanzo. Oxford, Uingereza, walifunga vanadiamu ya megawati-saa 5 pamoja na lithiamu ya megawati 50, na kwa mzigo wenye mota za kuanza kwa kishindo mchanganyiko huo ndio tunaoupendekeza. Mitambo mikubwa ya vanadiamu tupu ipo pia: Dalian, China, megawati 100 na megawati-saa 400 tangu 2022, na Hokkaido, Japani, megawati 15 na megawati-saa 60.

Bei ya vanadiamu hufuata soko la chuma, hasa nondo, kwa sababu sehemu kubwa huishia viwanda vya chuma. Mwaka 2018 ilipanda mno, mwaka uliofuata ikaporomoka. Kwa kuwa maji ni theluthi hadi nusu ya gharama ya mtambo, uliza kama unaweza kuyakodi, na mkataba useme ni ya nani mtambo ukifungwa. Wapo wanaosema tusubiri madini ya Liganga, maana mawe yake kule Ludewa, Tanzania, yana vanadiamu pamoja na chuma na titani. Mawe bado yako mbali na maji ya betri: yachomwe, yachujwe, yasafishwe mpaka oksidi ipite asilimia 99.5. Dai cheti cha usafi kwa kila shehena, kinachotaja chuma, kromiamu, nikeli na silika.

Siku ya kukabidhiwa, jaza betri mpaka mwisho, kisha iache ibebe mzigo halisi usiku kucha. Soma mita ya AC, ukitoa umeme unaoliwa na pampu na kipoza joto, siyo skrini ya mdhibiti. Andika kilowati-saa zilizoingia na zilizotoka, volti ya seli ya kupimia, joto la kila tangi, usawa wa maji kwa sentimita na shinikizo la kila pampu. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani ndani ya plastiki, na vipimo vilevile virudiwe kila mwezi chini yake.