Maswali ya Wasomaji: Vitu Tusivyovitumia Vimfikie Nani?

SWALI: Mama Mhariri, shikamoo. Watoto wangu wamekua na kabati limejaa masweta, sare za shule, viatu na nguo za kichanga ambazo sitazihitaji tena. Jirani yangu ananishauri nizipeleke katika kituo cha kulelea watoto yatima, lakini mwingine anasema vituo huuza misaada wanayopewa. Nizipeleke wapi? Je, ni vibaya nikiziuza tu pale Mwanjelwa? – Mama wa Uyole, Mbeya.

JIBU: Marahaba, mama. Ningependa uanze na masweta, tena uyatoe kabla ya mwezi Juni, kwa sababu anayeishi Uyole hahitaji kuelezwa jinsi asubuhi za Juni na Julai zinavyowatesa watoto wanaotembea kwenda shuleni wakiwa na shati peke yake. Sweta likitolewa mwezi Septemba litakaa kabatini kwa mtu mwingine kama lilivyokaa kwako.

Sare zirudishe katika shule ileile waliyosoma wanao, kwa kuwa kila shule ina rangi yake ya sweta na sare ya shule moja haimfai mtoto wa shule nyingine. Mkabidhi mwalimu wa darasa na umwombe ampe mhusika faraghani. Mwalimu ndiye anayejua ni mtoto gani anayekosa masomo kwa sababu kaptura imechanika, na mtoto huyo hastahili kuitwa mbele ya wenzake ili apokee nguo kuukuu huku akipigiwa makofi. Nguo za kichanga zina mahali pake pazuri: katika hospitali ya wazazi ya Meta, na katika hospitali nyingine kubwa, wapo akina mama wanaojifungua bila kuwa na hata kipande cha khanga cha kumfunika mtoto. Usiende moja kwa moja wodini. Ulizia kwanza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ili wakueleze wanachokipokea na utaratibu wake.

Kuhusu vituo vya watoto, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inavitaka viwe na leseni, kwa hiyo afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako anaweza kukuambia ni vipi vinavyotambulika. Ukishapata jina, piga simu kwanza na uulize wanapungukiwa na nini. Swali hilo dogo huokoa mengi, maana vituo vingi vina magunia ya nguo lakini havina sabuni, mafuta ya kula wala madaftari. Na hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na jirani yako wa pili: kituo kikipewa magauni ya watu wazima kisha kikayauza ili kununua unga, sioni wizi wowote, mradi mauzo yameandikwa kwenye daftari na mlezi yuko tayari kukuonyesha. Kinachonikera ni kinyume chake, yaani mtoaji anayefungasha suruali zisizo na zipu, viatu vya mguu mmoja na dawa zilizobaki baada ya ugonjwa, kisha anasubiri kushukuriwa. Dawa zilizobaki usimpe mtu yeyote. Nguo iliyotoboka ikate iwe tambara la kufutia, na zilizobaki zifue, uzipige pasi, urudishe vifungo vilivyodondoka, halafu ujiulize kama wewe mwenyewe ungezivaa kesho kwenda kanisani au msikitini.

Kuuza si vibaya hata kidogo. Viatu imara vikinunuliwa na mzazi kwa bei anayoiweza, naye amesaidika, na fedha utakayoipata unaweza kumnunulia mtoto mwingine sweta linalomtosha.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni katibu wa umoja wa vijana wa kanisa letu hapa Iringa. Nimesoma kwamba Uingereza na Marekani kuna maduka ya hisani ambayo huuza vitu vilivyotolewa bure na kutumia faida kuwasaidia wahitaji. Tungependa kuanzisha duka kama hilo, lakini mwenyekiti wetu anasema hatutaweza kushindana na mtumba wa sokoni. Nani yuko sahihi? – Katibu, Iringa.

JIBU: Mwanangu, nyote wawili mko sahihi kwa sehemu. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1902 mchungaji wa Kimethodisti, Edgar J. Helms, alianzisha mjini Boston kazi iliyokuja kuitwa Goodwill: alikusanya vitu vilivyotumika kutoka kwa matajiri, akawaajiri maskini na kuwafundisha kuvitengeneza, kisha vikauzwa kwa bei nafuu na mapato yakawalipa mishahara. Mwaka 1947 shirika la Oxfam lilifungua duka lake la kwanza mjini Oxford. Maduka hayo huweza kuuza kwa bei ya chini kwa sababu bidhaa hazinunuliwi, wauzaji wengi hujitolea, na kule Uingereza sheria inayapunguzia asilimia 80 ya kodi ya jengo inayotozwa biashara.

Sasa tuangalie Iringa. Mwenyekiti wako anaona vizuri kwamba kwenye nguo mtashindwa, kwa sababu mfanyabiashara wa mtumba anafungua robota jipya kila mara na mteja anachagua anavyotaka. Lakini mtumba hauleti magodoro, meza za kusomea, ndoo, masufuria, majiko ya gesi wala rafu za vitabu, na mji wenu una vyuo vikuu. Mwanafunzi wa Mkwawa au wa Chuo Kikuu cha Iringa anapomaliza mwaka wa mwisho huwa na nauli ya kurudi kwao na mizigo asiyoweza kuibeba. Miezi michache baadaye, masomo yanapoanza, anakuja mwingine anayetafuta vitu hivyohivyo huku fedha yake ikiwa imekwisha kwa kodi ya chumba. Simameni katikati ya hao wawili. Pokeeni vitu wakati wa kumaliza, vihifadhini katika chumba kikavu cha kanisa, muuze wakati wa kupokea wanafunzi wapya. Magodoro yakagueni kunguni kwenye mishono kabla ya kuyaingiza stoo, na jiko la gesi lisiuzwe kabla fundi hajatazama mpira na regiuleta.

Anzeni na mnada wa siku chache kabla ya kufikiria pango la duka, na mkitaka duka la kudumu muulizeni kwanza afisa biashara wa manispaa kuhusu leseni. Bei iandikwe kwenye kila kitu, fedha ihesabiwe na watu wawili, na ukutani pabandikwe karatasi inayosema mapato ya mara iliyopita yalikwenda wapi. Msilidharau jambo hili la mwisho, kwa kuwa mtu aliyewapa godoro lake bure ana haki ya kujua lilizaa nini.

SWALI: Je, ni kweli kwamba nguo tunazonunua mnadani zilitolewa bure Ulaya? Na nifanyeje ili zisiniletee upele? – Msomaji, Njombe.

JIBU: Nyingi ni kweli. Maduka ya hisani ya huko huuza sehemu tu ya nguo zinazopokelewa. Zinazobaki huuzwa kwa kilo kwa makampuni yanayozichambua kwa madaraja, yakazifunga marobota, mara nyingi ya kilo 45, na kuzisafirisha kwa meli. Wewe unalipia uchambuzi, meli, ushuru, lori na kazi ya muuzaji, na hisani ile ilipata fedha yake mwanzoni kabisa.

Wadudu wa upele hufa kwenye joto la nyuzi 50 na kuendelea, hivyo fua kwa maji ya moto na upige pasi, hasa kwenye mishono. Koti lisilofulika lifunge ndani ya mfuko wa plastiki kwa siku kadhaa, kwa sababu wadudu hao hawadumu zaidi ya siku tatu hivi wakiwa mbali na ngozi ya mtu. Nguo za ndani za mtumba usinunue. Shirika la Viwango Tanzania limezipiga marufuku. Ukikuta pasi au blenda iliyotoka Marekani, soma maandishi ya nyuma kabla ya kulipa, kwani umeme wao ni volti 120 na wetu ni 230.