Kipa mdogo anayegeuza uso shuti likija: anza na kuanguka

Mkuu, umesema umekabidhiwa makipa wawili wa miaka 11, shuti likija wanafumba macho na kugeuza uso, na wewe umecheza kiungo siku zote. Mimi nafundisha makipa watoto mtaani kwetu, uwanja wa vumbi na kokoto, kwa hiyo nakujibu kwa mazingira hayo.

Kwanza acha kuwapigia mashuti. Mtoto wa hivyo haogopi mpira tu, anaogopa na ardhi. Mfundishe kuanguka. Tafuta penye mchanga au nyasi, akae chini, mrushie mpira kwa mkono pembeni yake, audake huku akilalia ubavu. Akizoea apige magoti, kisha achuchumae. Kusimama kuje mwisho kabisa. Atue kwa upande wa paja, nyonga, halafu bega. Kiwiko kisitangulie, wala tumbo: akitua kwa tumbo pumzi inakata na mpira anautema. Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Wazazi watauliza mbona mtoto anagaagaa tu badala ya kudaka; waache waulize.

Kudaka kwenyewe: mpira wa kifua kwenda juu, vidole gumba vikaribiane nyuma yake. Wa chini, vidole vielekee ardhini na mguu uwe nyuma ya mikono, maana kokoto moja inatosha kuubadilishia mpira njia. Tumia mpira namba 4, namba 5 bado mkubwa kwao.

Halafu goli. La wakubwa ni mita 7.32 kwa 2.44, mtoto wa miaka 11 atafungwa mipira ya juu mpaka achukie kazi. Chomeka fito mbili ulipunguze. Na wasiambiwe ni wafupi! Juma Kaseja hakuwa mrefu, na ndiye aliyekaa langoni Simba ilipoitoa Zamalek kwa penalti kule Cairo mwaka 2003.

Kusimama mahali sahihi kunaeleweka kwa kamba: ifunge kwenye nguzo zote mbili, ivute mpaka ulipo mpira, kipa akae katikati. Akisogea mbele anaona mwenyewe pembeni panavyopungua.

Glovu zisubiri, za bei rahisi zinateleza kwenye vumbi. Trakisuti ndefu ndiyo inunuliwe leo.