Maswali ya Wasomaji: Msamiati Unaoishia Kwenye Jaribio la Ijumaa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa Darasa la Sita hapa Tanga mjini. Kila Jumatatu huandika ubaoni maneno mapya 10 pamoja na maana zake, wanafunzi wakayanakili, na Ijumaa nikawapa jaribio. Wengi hupata yote. Nikiwapa insha, hata hivyo, maneno hayo siyaoni, na yakionekana hunitia mashaka zaidi. Juzi mwanafunzi aliyepata 10 kwa 10 aliandika: "Nilipotoka shule nikaghairi nguo, nikaenda kucheza mpira." Nifanyeje?
Mwalimu, Ngamiani

JIBU: Mwalimu, inaelekea mtoto huyo aliona ubaoni "ghairi: badili", naye akabadili nguo. Alifuata alichofundishwa. Alichokosa ni kujua neno hilo huandamana na maneno gani: mtu hughairi safari, au hughairi kwenda mahali, naye hughairi baada ya kuwa amekwisha kuamua. Shati halighairiwi.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika maana, andika sentensi inayoibeba: "Baba alikata tiketi ya kwenda Lushoto, lakini aliposikia kwamba barabara imeharibiwa na mvua, akaghairi." Kisha uliza. Baba alikuwa ameamua nini? Je, alisafiri? Na mtu ambaye hakuwa na nia yoyote ya kusafiri, anaweza kughairi safari? Swali hilo la mwisho ndilo lenye kazi kubwa, kwa sababu humlazimu mwanafunzi kuutafuta mpaka wa matumizi ya neno, jambo ambalo ufafanuzi wa neno moja hauwezi kumwonyesha. Baada ya hapo waache wawili wawili waambiane jambo ambalo kila mmoja aliwahi kulighairi, nawe upite kati ya madawati ukisikiliza. Neno likishatamkwa katika habari ya mtoto mwenyewe, kuliandika huwa kazi nyepesi.

Yote hayo huchukua muda, na ndiyo maana maneno 10 kwa wiki ni mengi mno. Mimi ningechagua manne au matano. Yatangulize yale atakayokutana nayo katika masomo mengi, kama vile "athari", "linganisha" na "tathmini", na yale ya nadra yasubiri. Yako pia maneno ambayo wanafunzi wako wanayajua kuliko sisi tulioyasoma vitabuni: kwa watoto wa wavuvi wa eneo la Deep Sea hapo Tanga, "kutweka tanga", yaani kulipandisha tanga la chombo, ni jambo la kuonyesha kwa mikono mbele ya darasa. Mwite mmoja aonyeshe, na wenzake waeleze kwa sentensi wanachokiona.

Sasa jaribio lako. Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya usahaulifu hutokea mapema baada ya kujifunza, kisha kasi yake hupungua. Neno lililofundishwa Jumatatu, likaulizwa Ijumaa na kuachwa moja kwa moja, haliwezi kutarajiwa kuwapo katika insha ya mwezi ujao. Liulize kesho yake, kisha baada ya siku chache, baada ya wiki, na tena baada ya mwezi. Maboksi matatu ya chaki yaliyokwisha yanatosha: kadi ambayo darasa limeijibu vizuri huhamia boksi linalofunguliwa kwa nadra zaidi, na iliyokosewa hurudi boksi la kwanza. Kwenye kadi iandikwe sentensi yenye pengo la kujazwa, si maana ya kukaririwa.

Katika insha, usiwaamuru watumie maneno yote. Insha iliyoshurutishwa kubeba msamiati wa wiki nzima haisomeki, na wenye kuisoma ni sisi. Waambie wachague mawili, na alama itolewe kwa neno lililokaa mahali pake.

SWALI: Nimemnunulia mwanangu wa Kidato cha Kwanza kamusi ya Kiswahili. Je, akariri ukurasa mmoja kila siku?
Mzazi, Pongwe

JIBU: Hapana, mzazi mwenzangu. Maneno ya kamusi hupangwa kwa alfabeti, na yaliyo jirani mara nyingi hayana uhusiano wowote wa maana. Asome habari inayompendeza, akikwama akisie maana, ndipo afungue kamusi kuhakikisha, akizitazama maana zote zilizoorodheshwa, si ya kwanza tu. Msaidie pia jinsi ya kulitafuta neno, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani halimo: "yaliyowasononesha" hataliona kwenye herufi Y. Aondoe viambishi vya mwanzo hadi abaki na "sononesha", na asipolikuta hapo kama neno linalojitegemea, alitafute ndani ya maelezo ya "sononeka".