Maswali ya Wasomaji: Tununue ERP au Tubaki na Excel?

SWALI: Kiwanda chetu kina wafanyakazi 120 na kinatengeneza samani za chuma na mbao. Mauzo yako kwenye programu ya uhasibu, stoo iko kwenye faili tatu za Excel, na ratiba ya uzalishaji iko ubaoni na kichwani mwa mtu mmoja. Kila mwezi kazi husimama mara mbili tatu kwa kukosa kitu kidogo tu, bolti au gundi, huku rafu zimejaa vitu visivyoguswa. Mkurugenzi anataka ERP, yaani programu moja inayounganisha mauzo, stoo, uzalishaji na uhasibu. Mhasibu anasema ni kutupa pesa. Nani tumsikilize?
Msimamizi wa uzalishaji

JIBU: Wasikilizeni wote wawili, ila muanze na mhasibu.

Shida mnayoieleza ndiyo iliyozaa programu hizi. Viwanda vilianza kukokotoa mahitaji ya malighafi kwa kompyuta miaka ya 1960, kwa mfumo ulioitwa MRP. Jina ERP lilibuniwa na kampuni ya Gartner mwaka 1990, baada ya hesabu hiyo kuunganishwa na fedha, mauzo na ununuzi. Hesabu yenyewe si ngumu. Mmepata oda ya viti 500, kila kimoja miguu 4: inatakiwa miguu 2,000. Stoo ina 600, na 400 imeagizwa na iko njiani. Imepungua 1,000. Ikiwa katika kila miguu 100 mitatu huharibika wakati wa kuchomelea, anzeni na 1,031. Ikiwa mabomba huchukua wiki tatu kufika, agizo litoke wiki tatu kabla ya siku ya kukata. Programu hurudia hesabu hiyo kwa kila kitu kinachoingia katika kila bidhaa, usiku mmoja, bila kuchoka. Isichoweza kujua ni kwamba ile miguu 600 kwa kweli ni 430, kwa kuwa zamu ya usiku ilichukua 170 bila kuandika.

Kwa hiyo kabla ya kumwita muuzaji yeyote, pimeni stoo. Chagueni vitu 100 bila kumwarifu mtunza stoo. Hamsini vitoeni kwenye faili mkavihesabu rafuni. Hamsini vingine viokoteni rafuni mkavitafute kwenye faili. Njia ya kwanza hufichua vilivyotoka bila hati, ya pili vilivyoingia bila hati, na mara nyingi ya pili ndiyo hushangaza zaidi. Vitu vya bei kubwa viafikiane kabisa. Bolti na skrubu zinazohesabiwa kwa mizani zipeni nafasi ya asilimia 5. Mkipata chini ya 95 kati ya 100, msitie saini mkataba wowote.

Kwa nini 95, wakati shuleni 90 ni alama ya kujivunia? Kwa sababu kiti hakiundwi na kitu kimoja. Chukueni kiti chenye vitu 20. Kama kumbukumbu ya kila kitu ina uhakika wa asilimia 90, uwezekano wa vyote 20 kuwa sahihi kwa pamoja ni asilimia 12 tu. Ukiwa asilimia 95, unafika 36. Ukiwa 99, unafika 82. Kusimama kwenu mara mbili tatu kwa mwezi huenda kunatokana na hili zaidi ya kukosa programu.

Kisha kagueni orodha ya vijenzi, ile inayosema bidhaa moja inakula nini na kiasi gani. Hapa kipimo ni kikali zaidi: asilimia 98. Chukueni bidhaa tano zinazouzwa sana, ingieni karakanani na karatasi mkononi, mkatazame fundi akifanya kazi. Vinavyosahaulika ni vilevile kila mahali: gundi, rangi, skrubu, vifungashio. Mabaki nayo husahaulika: orodha inasema mita 5.7, lakini bomba lina mita 6 na kipande cha sentimita 30 kinatupwa. Baya kuliko yote ni vipimo viwili. Bati linanunuliwa kwa kilo na kukatwa kwa mita; mtu akiingiza kilo mahali pa mita, programu itaagiza kwa utii mzigo wa mwaka mzima.

Dawa yake haihitaji leseni. Stoo ifungwe kwa ufunguo, vitu vitolewe na mtu mmoja katika kila zamu, na kila kitokacho kiwe na hati. Badala ya kuhesabu stoo nzima mara moja kwa mwaka, hesabuni vichache kila siku: vya gharama kubwa vifikiwe kila mwezi, vya kati kila miezi mitatu, vidogo mara moja kwa mwaka. Tofauti ikionekana, msisahihishe namba tu, tafuteni ilikotokea. Kazi hii huchukua miezi kadhaa, wala haina raha.

Baada ya hapo tazameni tena. Kama mnatengeneza bidhaa chache zisizobadilika, kadi za rafu zenye kiwango cha kuagizia zitatosha, na mhasibu atakuwa ameshinda. Kama vijenzi vilevile vinagombewa na bidhaa nyingi, oda zinabadilika kila siku na malighafi hukaa wiki kadhaa njiani, hakuna Excel itakayomudu. Hapo mkurugenzi ana haki, na data mtakayompa muuzaji itakuwa safi.

SWALI: Muuzaji anasema programu inaweza kurekebishwa ifuate kila utaratibu wetu. Je, hiyo si sifa?
Meneja wa ununuzi

JIBU: Ni sifa mtakayoilipia tena na tena. Kila msimbo mlioongezewa lazima ujaribiwe upya toleo jipya likitoka, na aliyeuandika huenda ameshaondoka. Mwaka 2018 Lidl ya Ujerumani, ambayo ni ya maduka lakini somo ni lilelile, iliachana na mradi wake wa miaka saba wa kufunga ERP ya kampuni ya SAP uliokadiriwa kula euro milioni 500. Chanzo kimojawapo: Lidl ilizoea kuthamini bidhaa zake kwa bei ya kununulia, mfumo ulijengwa juu ya bei ya kuuzia, na kampuni ikachagua kuubadili mfumo.

Rekebisheni fomu, ripoti na nyaraka za wateja mpendavyo. Hesabu ya stoo, ya gharama na ya mahitaji msiiguse. Muuzaji akija kufanya maonyesho, mpeni oda yenu halisi, iliyo ngumu: yenye bidhaa iliyorudishwa, malighafi iliyofika pungufu, na mteja aliyebadili idadi katikati ya kazi. Bidhaa rahisi ya mfano wanayokuja nayo wauzaji, kwa kawaida baiskeli, haijawahi kushindwa.

Ulizeni pia bei ya miaka mitano. Leseni ni sehemu tu; matunzo ya kila mwaka mara nyingi ni karibu asilimia 20 ya bei ya leseni, na bado kuna skana, mtandao ndani ya stoo, mafunzo, na saa za watu wenu. Hata programu za ERP kama Odoo Community na ERPNext, ambazo leseni yake ni bure, hazikwepi gharama hizo za mwisho.

SWALI: Tutumie mfumo wa zamani na mpya kwa pamoja miezi mitatu, kwa usalama?
Mhasibu mkuu

JIBU: Kwenye vitabu vya fedha, funga mwezi mmoja kwa njia zote mbili, inatosha. Stoo na karakana, hapana. Mtunza stoo akiandika kila kitu mara mbili ataacha kimoja, na kwa kawaida ni kile kipya.

Badala yake, kabla ya siku yenyewe pitisheni oda 20 hadi 30 za kweli kwenye nakala ya majaribio, tangu mteja kuagiza hadi ankara, watumiaji wenyewe wakibonyeza. Siku ya kuhama simamisheni mashine, hesabuni stoo yote, na msisahau kazi zilizo nusu njiani. Hizo ndizo hupotea. Programu huwa na hiari ya kupunguza yenyewe malighafi kwenye hesabu ya stoo bidhaa inapokamilika; iacheni izimwe kwa vitu vya gharama, mpaka orodha za vijenzi zithibitike.

Na msihamie msimu wa mauzo. Hershey ya Marekani iliwasha mfumo wake Julai 1999, oda za Halloween zikianza kumiminika. Peremende zilikuwepo, lakini oda za karibu dola milioni 100 hazikufika kwa wateja.

SWALI: Sisi ni kiwanda cha rangi. Yaliyosemwa kuhusu viti yanatuhusu?
Mkemia

JIBU: Mengi, ila programu nyingi zimebuniwa kwa vitu vya kuunganishwa. Nyinyi mna fomula inayorekebishwa kulingana na nguvu ya malighafi, kundi (batch) lenye namba na tarehe ya kuisha, na pipa moja linalojazwa kwenye makopo ya ukubwa tofauti. Mwambieni muuzaji achague namba ya kundi moja la malighafi na aonyeshe, mbele yenu, makopo yote lililoingia na wateja walioyapokea. Akifungua Excel kukamilisha jibu, mshukuruni na mmsindikize mlangoni.