Dinosaria "walitoweka" au "zilitoweka"?

Swali: Ninaandaa makala ya biolojia kwa wanafunzi. Niliandika "dinosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita", lakini mhariri akabadilisha kuwa "dinosaria zilitoweka", kwa hoja kwamba wanyama hao si hai tena na kilichobaki ni mawe tu. Hata hivyo, miti na matumbawe, vilivyo hai hadi leo, ameviacha katika ngeli za vitu. Kanuni ni ipi?

Jibu: Sentensi yako ya awali ndiyo sahihi. Ngeli ya A-WA huwahusu watu na wanyama kwa aina yao, si kwa hali waliyomo wakati wanapotajwa, na ndiyo maana katika Kiswahili sanifu tunasema "simba amekufa" bila kumhamishia simba huyo katika ngeli nyingine pindi anapokata roho. Ikiwa kifo cha mnyama mmoja hakibadilishi upatanisho, kutoweka kwa jamii nzima hakuwezi kuubadilisha.

Hoja ya mhariri wako ingetuletea kichekesho. Samaki aitwaye silikanti alijulikana kwa visukuku pekee, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, na wanasayansi waliamini kwamba alitoweka pamoja na dinosaria, mpaka mmoja alipovuliwa akiwa mzima katika bahari ya Afrika Kusini mwaka 1938. Je, tuseme silikanti alikuwa "hii" hadi mwaka huo, kisha akawa "huyu" siku alipoingia wavuni?

Pengine kilichomchanganya mhariri ni masalia yenyewe, ambayo kweli ni vitu: mzoga unaoza, fuvu limepasuka, kisukuku kimechimbuliwa. Hapo kitenzi hufuata nomino inayotawala sentensi, na nomino mbili zinaweza kukaa pamoja kila moja na upatanisho wake, kama katika "kisukuku hiki kimehifadhi macho ya trilobiti, mnyama wa kale aliyeishi baharini". Kisukuku kimehifadhi, trilobiti aliishi, hakuna mgongano. Vivyo hivyo kwa "spishi", "jenasi" na "familia", ambazo ni majina ya makundi katika ngeli ya I-ZI. Andika "spishi nyingi za dinosaria zilitoweka", lakini ukiliondoa neno spishi, "dinosaria wengi walitoweka". Kosa ninalolikuta mara kwa mara katika miswada ni mchanganyiko wa aina ya "spishi nyingi wa dinosaria walitoweka", ambao hauna utetezi wowote.

Sehemu ya pili ya swali lako ni ngumu zaidi, kwa kuwa uhai wa biolojia na uhai wa sarufi havina mipaka inayolingana. Mti ni kiumbe hai, lakini tunasema "mti umekauka". Uyoga, ambao kwa nasaba uko karibu na wanyama kuliko mimea, bado ni "uyoga huu". Matumbawe ndiyo yanayoshangaza kuliko yote: ni wanyama kamili wanaokamata chakula kwa minyiri yao, ila kwa kuwa wamejishikiza mahali pamoja na kujijengea mifupa ya chokaa, wasemaji waliwaona kama mawe, na hadi leo ni "matumbawe haya yamekufa". Sarufi iliamuliwa na macho ya wavuvi na wakulima muda mrefu kabla ya hadubini, na sioni sababu ya kuisahihisha kwa nguvu ili ilingane na maabara.

Kwa vile visivyoonekana kwa macho, matumizi yanayumba. Utasoma "bakteria hawa" na pia "bakteria hizi". Mimi huchagua A-WA, kwa kuwa watu wamezoea kuviita vimelea vya maradhi "wadudu", na kwa njia hiyo vimekwisha kuingizwa katika hesabu ya wanyama. Arkea, vijidudu wa seli moja waliotenganishwa na bakteria mwaka 1977 na wanasayansi Carl Woese na George Fox, nawapa upatanisho huohuo. Virusi vilifuata njia nyingine: silabi ya kwanza ya neno hilo la kigeni ilifanana na kiambishi cha wingi, wasemaji wakaliundia umoja wake, "kirusi", na sasa "virusi hivi" imekita mizizi.

Linabaki neno "kiumbe". Kifaru, kiboko na kipepeo huanza kwa ki- na bado huchukua A-WA, kwa hiyo "kiumbe huyu" ni sahihi kabisa unapomzungumzia mnyama au binadamu. Unapowakusanya wanyama, mimea, kuvu na bakteria katika sentensi moja, "viumbe hai vyote" husomeka vizuri zaidi. Mhariri akikubali hilo, mwombe asilichanganye na "viumbe hai wote" katika aya hiyohiyo.