Baba alisema hajambo, na kikombe cha maji kilikuwa juu ya kabati

Ndugu mleta mada, umesema mama yako anaishi kwa kaka yako, kila ukipiga simu anajibu "mimi mzima tu", lakini ulipomwona mara ya mwisho alikuwa amekonda na hakutaka kukutazama usoni. Unauliza ufanye nini bila kuivuruga familia. Waliotangulia wengi wamekushauri uitishe kikao. Nakuomba usikiitishe kwanza. Nitakueleza kwa nini, ila niruhusu nianze na ya kwetu.

Baba yangu alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Tukakubaliana mdogo wangu ahamie kwake kwa sababu hakuwa na kazi, sisi wengine tuchange fedha. Miezi minane nikawa napiga simu kila Jumapili. "Baba, hujambo?" "Sijambo, mwanangu." Aliyeshika simu ni mdogo wangu, spika imewashwa. Sikuwahi kujiuliza baba angesema nini kama angekuwa peke yake chumbani.

Siku moja nikafika bila kutoa taarifa. Nilimkuta amelala chali, midomo imekauka mpaka imechanika. Maji yalikuwepo, kikombe kimejaa na kimefunikwa vizuri, lakini kiko juu ya kabati, upande wa mkono usiofanya kazi. Miwani iko ndani ya droo, imejaa vumbi. Nilipomvua soksi, ya kushoto ilikuwa imegandana na kisigino. Kuna kidonda, katikati pameshakuwa peusi. Nikamuuliza mdogo wangu habari ya kikombe. Hakuficha: "Akinywa usiku anakojoa kila mara, na mashuka nabadilisha mimi peke yangu." Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Hakuwa na chuki na baba hata kidogo. Alikuwa anamnyima maji ili apate kulala, na neno ukatili halikuwahi kumpitia kichwani.

Hospitalini tukaambiwa amepungukiwa maji mwilini na ana maambukizi ya njia ya mkojo. Kumbe zile wiki mbili alizokuwa akituita kwa majina ya ndugu zake waliokwishafariki, sisi tukasema uzee umempanda kichwani, ilikuwa ugonjwa unaotibika. Alipotibiwa akatutambua wote. Hili naomba kila mwenye mzee alishike: hisia ya kiu hupungua kadiri umri unavyokwenda, kwa hiyo mzee anaweza kukauka bila kuomba maji. Na akianza kuchanganyikiwa ghafla, ndani ya siku chache, mpelekeni hospitali. Msikae mkasema ni umri.

Tangu siku hiyo nimesoma sana jambo hili. Shirika la Afya Duniani linapoeleza maana ya kumdhulumu mzee, halitaji kutenda tu. Linataja pia kutotenda linalopasa, pale ambapo mzee ana haki ya kumwamini aliye naye, naye akaumia. Kwa makadirio yao, katika kila watu 6 wenye miaka 60 au zaidi, mmoja hufanyiwa aina fulani ya ubaya kila mwaka huko majumbani na mitaani. Kwenye vituo vya kulelea wazee hali ni mbaya zaidi: wafanyakazi 2 kati ya 3 walikiri kuwa wamewahi kufanya hivyo ndani ya mwaka mmoja. Siwalaani wafanyakazi hao. Ninachokiona ni mtu mmoja, wazee wengi, na usiku mrefu.

Sasa turudi kwa mama yako. Kikao siyo cha kuanza nacho kwa sababu wewe utaongea, utalia, halafu utaondoka. Yeye atabaki na watu aliowasemea. Kama kuna jambo, litahamia mahali usipopaona. Nenda kwanza, ukae siku mbili tatu, na utafute muda wa kuwa naye peke yenu. Omba kumwogesha, au kumpaka mafuta miguuni. Ukiwa unampaka mafuta hutahitaji kumhoji kama polisi, na macho yako yatafanya kazi. Tazama visigino, nyonga, kifandugu. Ukiona wekundu, ubonyeze kwa kidole. Usipofifia, ngozi hiyo imeanza kuumia kwa kulaliwa, na huenda hageuzwi vya kutosha. Wauguzi walitufundisha kumgeuza baba kila baada ya saa 2, kisha tuangalie ngozi inavyoitikia. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo gusa pia: penye joto au ugumu kuliko pembeni ndipo penye shida.

Alama za kuvilia damu zisikutie wazimu, wazee huvilia kirahisi, hasa mikononi, na zaidi wakitumia dawa za kuzuia damu kuganda. Lakini alama za vidole mkono wa juu kwa ndani, au shingoni, masikioni, matakoni, hizo uliza zimetoka wapi.

Usimuulize "Mama, wanakutesa?" Hakuna mama atakayekujibu ndiyo juu ya mtoto wake. Uliza habari za siku yake. Ukishikwa na kiu usiku unafanyaje? Nani anakupa dawa, na ukishameza unalala saa ngapi? (Vidonge vya usingizi hutumika kumnyamazisha mzee, na vinamwangusha.) Kadi yako ya benki anakaa nayo nani? Mara ya mwisho rafiki yako alikuja lini? Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mzee akishatengwa na wanaomjua, mengine yote hufuata bila shahidi.

Fedha nayo. Mdogo wangu alikuwa akiishi kwa pensheni ya baba, kwa hiyo hata angechoka vipi asingesema "mje mnisaidie", kwani kusema hivyo ni kujifukuza. Mlezi anayemtegemea mzee kwa chakula na paa ni hatari inayojulikana, na sisi ndio tuliomweka mdogo wetu hapo tukidhani tumemsaidia. Sasa tunamlipa kwa ulezi wake, kiasi kinachojulikana, na taarifa za benki za baba husomwa na watu wawili. Kuhusu hati za nyumba au kiwanja: mzee asitie saini wala dole gumba kabla hajaongea na mwanasheria bila mtoto yeyote kuwepo chumbani. Yeyote, hata mimi na wewe.

Kilichomtoa mdogo wangu kwenye ile hali ni usingizi. Dada yetu anakuja Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili, mimi nachukua wiki moja kila mwezi, na siku hizo yeye haruhusiwi hata kufua. Kuna daftari kando ya kitanda: amekunywa nini, amegeuzwa saa ngapi, amepata choo au la. Mwanzoni mdogo wangu alilichukia, akaona tunamchunguza. Baadaye akaanza kulitumia kutuonyesha sisi tulichosahau.

Hayo yote ni pale tatizo ni kuzidiwa. Ukikuta anapigwa, anafungiwa kwa nje, au kuna mtu anayemgusa kwa namna isiyofaa, habari ya kulinda familia iishie hapo. Mtoe kwanza, mpeleke hospitali, omba majeraha yaandikwe kwenye faili lake, piga picha zenye tarehe, kisha polisi na ustawi wa jamii. Usimwambie mtuhumiwa kabla mama hajawa mahali salama.

Kuna jambo moja litakalokusumbua. Huenda mama akakataa kuondoka. Akili yake ikiwa timamu, ana haki ya kukataa, na kumbeba kwa nguvu ni kumfanyia lile lile unalotaka kumwepusha nalo. Baba alikataa mara mbili. Alisema nyumba ile aliijenga mwenyewe na hatafia kwenye chumba cha wageni cha mtu. Ndiyo sababu zamu zetu tunazifanya kwake. Kikombe sasa kiko kwenye stuli upande wa kushoto, kina mrija, na kila anayeingia humo ndani akikikuta kimepungua anakijaza.