Kutu chini ya rangi mpya

Swali: Fremu ya baiskeli ya zamani ya Phoenix niliipiga msasa nikapaka rangi. Wiki 2 tu, kutu imechomoza tena. Nakosea wapi?

Jibu: Msasa hupita juu, kutu hubaki kwenye vishimo, ikafumuka chini ya rangi. Kwanza dunga kwa bisibisi kuzunguka ekseli ya pedeli, maji hutuama hapo. Ikitoboka, hiyo ni kazi ya fundi wa kuchomelea. Ikiwa nzima, ziba matundu ya kawaida ya fremu siki isiingie ndani, sugua kwa brashi ya waya, zungushia vitambaa vilivyolowa siki nyeupe, funga nailoni, uache kwa muda wa saa 12. Suuza kwa lita 1 ya maji yenye vijiko 2 vya magadi soda. Kausha papo hapo; ukichelewa, wekundu hurudi siku hiyohiyo. Msasa namba 240, praima ya chuma (rangi ya msingi), ndipo rangi yenyewe.